Mtoto akiuliza historia ya mkoa wenu, usimpe nusu

Mwaka jana, kabla ya likizo ya Desemba, nilimnunulia mwanangu kitabu cha mtumba kwenye meza za wauza vitabu wa barabarani, Posta, Dar es Salaam. Yuko darasa la nne na anapenda vitabu vyenye picha. Hiki kilikuwa cha Kiingereza, jalada limechakaa, kinaeleza jimbo la Michigan huko Marekani: maziwa yake, wenyeji wa kwanza walikuwa akina nani, magari yalianza kutengenezwa vipi, watu wanakula nini.

Siku tatu baadaye alinijia amenyoosha kiganja. "Baba, Michigan imekaa kama mkono. Watoto wa kule ukiwauliza wanakaa wapi, wanakuonyesha kwenye kiganja."

Nikamsifu. Akatulia kidogo, kisha akauliza: "Sisi kwetu Tabora. Kitabu cha Tabora kiko wapi?"

Nimezaliwa Tabora na nimesoma pale hadi kidato cha nne. Nilipojipima, nilichoweza kumweleza mtoto bila kusita kilikuwa maembe, asali, na kwamba Mwalimu Nyerere alisoma pale. Basi.

Akaongeza swali la pili, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. "Mwalimu alisema watumwa walikuwa wanapitishwa Tabora. Babu zetu walikuwa wanapitishwa, au walikuwa wanauza?"

Nikafanya wanachofanya wazazi wengi. Nikasema, "Tutamuuliza bibi tukifika."

Wenzetu wanavyofanya

Marekani ina majimbo 50, na karibu kila jimbo lina vitabu vyake vya watoto. Ni vitabu vifupi, vya ukweli, si hadithi za kubuni. Mtoto wa miaka minane anafungua anakuta ramani, ndege wa jimbo, ua la jimbo, chakula, mashujaa, mito, viwanda na sherehe. Mwaka 1999 mchapishaji mmoja wa Michigan alitoa kitabu cha alfabeti cha jimbo hilo ambacho jina lake linataja glovu, kwa sababu ya umbo la ramani. Kikafuatiwa na vya majimbo mengine, moja baada ya jingine.

Faida yake ni ndogo kuitaja lakini kubwa kuipata. Mtoto anajifunza kwamba mahali anapoishi panastahili kuandikwa, na kwamba historia haikutokea Ulaya na mji mkuu peke yake, ilipita hata kwenye mtaa wao.

Hapa kwetu mlango umeanza kufunguka. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukiwasaidia waandishi na wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili vya watoto tangu mwaka 1991. Hata hivyo, kitabu cha kumpa mtoto wa darasa la nne na kumwambia "hii ndiyo Tabora" sikukipata katika maduka niliyoingia.

Cha ajabu, wazee wetu waliwahi kuandika historia za kwao kwa Kiswahili. Mwaka 1954 Mathias Mnyampala alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Miaka ya 1960 J. B. Kabeya aliandika kwa Kiswahili maisha ya Mtemi Mirambo. Vyote vilitolewa na East African Literature Bureau, ofisi ya uchapishaji iliyohudumia Afrika Mashariki nzima. Vilikuwa vitabu vyembamba vya watu wa kawaida. Leo ukivipata, aghalabu ni kwenye maktaba au kwenye sanduku la marehemu babu.

Kitabu kinaweza pia kudanganya

Kabla hatujawaonea wivu Wamarekani, tukumbuke kisa cha jimbo la Virginia.

Mwaka 1957 shule za Virginia zilianza kutumia vitabu vipya vya historia ya jimbo, vilivyoandaliwa chini ya tume iliyoundwa na bunge la jimbo hilo. Virginia ilikuwa na watumwa Waafrika kwa zaidi ya miaka 200. Vitabu vile viliwaambia watoto kwamba watumwa wengi walikuwa na furaha na maisha yao. Kimoja kina picha ya familia ya Kiafrika ikiwa melini, imevaa nadhifu, ikisalimiana kwa mkono na mzungu kana kwamba imekuja matembezi.

Vilitumika mpaka miaka ya 1970. Hesabu ni watoto wangapi walikua wakiamini hivyo, weupe kwa weusi, na ni wajukuu wangapi wa watumwa walikaa darasani wakisomewa kwamba bibi zao walifurahi.

Nilikisoma kisa hiki nikajiona. Mimi sikumdanganya mwanangu, lakini nilikuwa tayari kumpa maembe na asali na kunyamazia mengine. Ndugu mzazi, kunyamaza nako kunafundisha. Mtoto akiona umebadilisha mazungumzo, anaelewa kwamba hapo pana aibu, na ataibeba bila kujua ni ya nini.

Mkono mmoja kutoka Bagamoyo hadi Ujiji

Tulikwenda kwa treni. Nilichagua treni kwa makusudi, maana Reli ya Kati inafuatana kwa kiasi kikubwa na njia ya zamani ya misafara. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo watu walitembea.

Njiani tulibuni ramani yetu ya mkono, na nakuomba uijaribu na wanao. Mtoto asimame akitazama kaskazini, anyooshe mkono wa kulia kuelekea mashariki. Ncha za vidole ni Bagamoyo, baharini. Kifundo cha mkono ni Mpwapwa. Kiwiko ni Tabora. Bega ni Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Vipimo si vya fundi ramani, lakini mtoto hatasahau.

Kituo cha Gulwe nikamwambia hapa ndipo pa kuteremkia kwenda Mpwapwa, misafara ilikopumzika na kujaza maji kabla ya kuingia Ugogo. Manyoni nikamwambia Kilimatinde iko karibu. Baada ya hapo usiku uliingia, na nje kukawa vichaka vitupu. Eneo hilo wasafiri waliliita Mgunda Mkali. Maji yalikuwa haba, na wapagazi walilipita mbio mbio wakihofia kiu na wavamizi. Mwanangu akabandika uso dirishani muda mrefu, ingawa hapakuwa na kitu cha kuona.

Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara ya Tabora na Ujiji zimo katika orodha ya awali ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006, ikipendekeza njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu iwe urithi wa dunia. Mtoto akijua hivyo, jina la kituo cha treni halibaki kuwa jina tu.

Mambo yaliyostahili kuwamo kitabuni

Kwa kuwa kitabu hatukuwa nacho, tulinunua daftari la kurasa 96. Juu akaandika "TABORA". Haya ndiyo tuliyoyaingiza, nawe unaweza kuyatumia au kuyageuza kwa mkoa wako.

*Jina.* Wazee husimulia kwamba jina Tabora limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula kisichoharibika safarini. Wageni wa karne ya 19 waliuita mji huu Kazeh, na nchi yake Unyanyembe. Mtoto ale matobolwa kwanza, ndipo aandike.

*Wapagazi.* Hawa ndio waliojenga jina la Mnyamwezi. Baada ya mavuno, maelfu ya vijana walikodiwa kubeba mizigo hadi pwani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, na frasila moja ni kama kilo 16. Safari kati ya pwani na Tabora ilichukua miezi miwili hadi minne. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, ngoma ikipigwa, na wanawake pia walikuwamo. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliolipwa kwa nguo na shanga, na waligoma malipo yasipowaridhisha. Kwa kijana, kufika pwani na kurudi kulikuwa cheti cha utu uzima. Nilimwekea mwanangu begani mfuko wa mchele wa kilo tano, akatembea nao kutoka sokoni hadi nyumbani. Hakuhitaji maelezo zaidi.

*Nguo na pembe.* Hapa mtoto ataunganisha Tabora na kile kitabu cha Marekani. Kitambaa cheupe cha pamba kilichotumika kama fedha njiani kiliitwa merikani, kwa sababu kiliingia Zanzibar kutoka viwanda vya Massachusetts kupitia wafanyabiashara wa Salem. Marekani ilifungua ubalozi mdogo Zanzibar mwaka 1837. Nguo ilikuja, pembe ikaenda. Katika jimbo la Connecticut, miji ya Deep River na Ivoryton ilichonga pembe za ndovu kuwa vibao vya piano. Kwa hiyo binti wa Boston aliyekuwa akijifunza piano sebuleni alikuwa akigusa kitu ambacho huenda kilipita Tabora juu ya bega la mtu.

*Watumwa.* Si kila aliyetembea njia ile alikuwa huru. Watu walitekwa au kununuliwa, wengi wao kutoka Manyema na nchi za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakapitishwa Ujiji na Tabora kuelekea pwani. Wengine hawakufika pwani. Walibaki Tabora wakilima mashamba na kutumika majumbani, na vitukuu vyao ni wenyeji wa Tabora leo. Walioendesha biashara hiyo walikuwa Waarabu na Waswahili wa pwani, na pia watemi na wafanyabiashara wa Kinyamwezi. Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kujijengea ufalme Katanga, alifanya biashara ya shaba, pembe na watu. Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, alikuwa na baba aliyeishi Unyanyembe na kuoa katika nyumba ya mtemi. Undugu na biashara vilifungwa kamba moja.

*Mirambo na Isike.* Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe kuanzia mwaka 1871, akaifunga njia, na bei za pwani zikatikisika. Alikufa Desemba 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani, na Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa, alilipua ghala la baruti akiwa ndani kuliko kusalimu amri. Ni mashujaa, na mtoto ajivunie. Lakini aambiwe pia kwamba askari wa Mirambo, rugaruga, walichoma vijiji na kuteka watu. Shujaa asiye na kosa hata moja hamfundishi mtoto kitu.

*Wageni na waliowabeba.* Burton na Speke walifika Kazeh Novemba 1857. Livingstone na Stanley walikaa pamoja Kwihara mwaka 1872, na Livingstone akabaki pale hadi Agosti akisubiri wapagazi. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakapitia Unyanyembe. Katika daftari letu, Susi na Chuma wana ukurasa mzima. Livingstone ana nusu.

*Reli, shule na siasa.* Nyerere aliingia shule ya serikali Tabora mwaka 1937, na baadaye akarudi mjini kufundisha. Januari 1958 mkutano wa TANU uliofanyika Tabora ulikubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi waliona ni matusi. Uamuzi huo ndio uliokuja kuitwa Uamuzi wa Busara.

Swali alilojibu bibi

Mama yangu anakaa Ng'ambo. Ana miaka themanini na kitu, macho yamepungua, masikio bado. Mwanangu alimwamkia, "Shikamoo bibi," naye akajibu, "Marahaba mume wangu, umekuja kunioa au kunila kuku wangu?" Siku mbili zikapita kwa utani huo.

Siku ya tatu, jioni, tukiwa kwenye mkeka tunamenya maembe, mtoto akatoa daftari lake akauliza moja kwa moja. "Bibi, babu zetu walikuwa wanapitishwa, au walikuwa wanauza?"

Nilitaka kumkatiza. Mama akaninyamazisha kwa mkono.

Akasema: "Wote wamo humu." Akajigusa kifua.

Akaeleza, taratibu, mambo ambayo mimi mwanawe sikuwahi kuyasikia yakisemwa kwa mpangilio. Upande wa marehemu baba, babu yake alikuwa na tembe kubwa, mashamba, na "watu wake". Nilizoea kusikia neno hilo utotoni nikadhani ni vibarua. Upande wa mama, bibi yake aliyemlea alitoka Manyema akiwa mtoto mdogo. Nyumbani walisema tu "alikuja na msafara", na hakuna aliyeuliza alikuja nao vipi. Alipewa jina hapa Tabora. La kwao alilozaliwa nalo hakumtajia mtu.

"Alikuwa analima, anapika, anaimba," mama alisema. "Akiona watu wanapita wamefungwa kamba, hata mbuzi wa kupelekwa sokoni, anaingia ndani."

Mwanangu akauliza kama bibi huyo alikuwa mtumwa. Mama akasema ndiyo. Neno hilo sikuwahi kulisikia likitamkwa ndani ya nyumba ile kuhusu mtu wetu.

Nikakumbuka tarehe mbili. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na shuleni tulifundishwa kana kwamba siku hiyo mambo yaliisha. Lakini huku Tanganyika bara hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1922. Bibi yule alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Si mambo ya kale sana hayo. Mama yangu alilala kitanda kimoja naye.

Ndipo nikaelewa ni kwa nini wazee wengi wa Tabora wananyamaza. Si kwamba hawajui. Katika mji ambao watoto wa mwenye tembe na watoto wa "watu wake" wameoana, wamezikana na kupeana majina, kumwambia mtu asili yake kunaweza kuwa tusi. Ukimya ulikuwa heshima, na uliwasaidia watu kuishi pamoja. Sisi tunaotaka kuandika tusije na ubabe wa kufukua. Tuulize, na tukubali jibu la "hapo pamoja na hapo basi".

Umri gani, maneno gani

Wazazi wenzangu niliowasimulia waliniuliza kama si mapema mno kwa mtoto wa miaka kumi. Kwa uzoefu wangu mdogo, nimegawanya hivi.

Miaka minne hadi saba: safari, mizigo, ngoma, chakula, wanyama, majina ya mahali. Aende akaguse. Akiuliza kuhusu watumwa, inatosha kumwambia, "Walikuwa watu waliochukuliwa kwao kwa nguvu. Lilikuwa kosa."

Miaka minane hadi kumi: eleza nani alibeba, nani alilipwa, nani hakulipwa, na faida ilikwenda wapi. Sema wazi kwamba wapo Waafrika waliouza Waafrika, na wapo Waafrika waliokataa. Usimwachie mtoto historia ya "wabaya walitoka nje, sisi wote tulikuwa wema". Wala usimwachie ya "sisi wenyewe ndio tulijiuza". Zote mbili ni nusu.

Kuanzia miaka kumi na moja: mpe maswali badala ya majibu. Kwa nini mtemi alihitaji bunduki na baruti? Nani alinunua pembe? Ungekuwa kijana wa Unyanyembe, ungeenda pwani? Hapo historia inakuwa mazungumzo ya mezani.

Na kwa umri wote, jambo moja: usimwulize mtoto wa jirani ukoo wake mbele za watu, wala usimruhusu mwanao kumtania mwenzake kwa asili. Utani wa makabila una mipaka yake na wenye nao wanaijua. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana hadi msibani, lakini utani huo unatoka kwenye kuaminiana, si kwenye kudhalilishana.

Pa kuanzia, hata kama huna fedha nyingi

Ukiwa Tabora, nenda na watoto Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimokaa Livingstone. Jengo limejengwa upya, lakini kuta nene za udongo na mlango wa nakshi vinamwonyesha mtoto nyumba ya mfanyabiashara wa wakati ule ilivyokuwa. Muulize: mwenye nyumba alilala wapi, na waliomtumikia walilala wapi?

Tembea mjini mkisoma majina. Gongoni, Kanyenye, Isevya, Ipuli. Kuna shule inayoitwa Milambo. Mtoto anayepita hapo kila siku ajue ni nani huyo. Miembe mikubwa ya zamani wazee husema ilipandwa na wenye misafara, au iliota kutokana na kokwa zilizotupwa njiani. Mtoto achore mmoja.

Ingia maktaba ya mkoa, uulize rafu ya historia. Vijana wa sekondari wanaweza kujaribu riwaya ya Bernard Mapalala, *Kwaheri Iselamagazi*, iliyobeba jina la makao makuu ya Mirambo. Ni riwaya, kwa hiyo waambie watofautishe kilichobuniwa na kilichotokea.

Kwenye simu, tovuti ya African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili bila malipo, na inaruhusu mtu kutengeneza kitabu chake mwenyewe. Ukurasa mmoja, picha moja, sentensi mbili. Mwalimu na wazazi wa darasa moja wakikaa Jumamosi mbili, kata yao inapata kitabu.

Na daftari. Kurasa za kwanza ziwe za mtoto: ramani ya mkono, chakula, wimbo wa bibi. Katikati tarehe na majina. Mwisho aache kurasa za wazee, kila mzee ukurasa wake, na chini aandike nani alisimulia na siku gani. Mzee akisema jambo lisiandikwe, lisiandikwe. Rekodi sauti kwa simu ukipewa ruhusa, kisha ihifadhi mahali pengine zaidi ya simu hiyo, maana simu zinaibiwa na wazee wanaondoka.

Daftari letu sasa limejaa hadi ukurasa wa 31. Ukurasa wa bibi wa Manyema una sentensi saba. Juu, palipostahili jina, mwanangu ameandika jina alilopewa Tabora, na mbele yake ameacha mstari mtupu. Nilimwambia ajaze tu "halijulikani". Akakataa, akasema pengine kuna mtu huko kwao bado analitaja.

Likizo ijayo anataka twende Urambo. Kile kitabu cha Michigan ameshamwazima mtoto wa jirani, ambaye kwao ni Ujiji. Nimemsikia akimfundisha: "Wewe kwenu ni begani."